Sauti ya Tisa

Jeconia Opiyo alikuwa mtu mwenye akili timamu katika mambo yote isipokuwa moja, na hilo moja ndilo lililomponza. Siku sita za wiki alisimama mbele ya mashine ya kukwangua mkonge katika shamba moja nje ya mji wa Thika, akiingiza majani upande huu na kutoa nyuzi upande ule, akinuka maji ya mkonge mpaka mbwa wa mtaani kwake Makongeni walimjua kabla hajakata kona. Siku ya saba alikuwa mwalimu wa kwaya. Hapo usimguse. Alisimama ndani ya kanisa la mabati, suruali ya kaki imenyooka, fimbo ya mwanzi mkononi, na hata wazee wa kanisa walimeza mate kabla ya kuanza wimbo.

Muziki aliusomea misheni, huko kwao Nyanza, kwa ubao na chaki: do, re, mi, fa, so, la, ti. Sauti ni saba. Ukizimaliza unarudi do tena. Waimbaji ni wa namna nne, soprano, alto, tenor na besi, na kila mmoja ana yake. Na amri kuu kuliko zote, ile iliyompatia viboko akiwa na miaka kumi na miwili: sauti mbili zinazopakana hazikai pamoja, maana zitagombana, na zikigombana mwalimu amtafute mwenye kosa amtoe. Jeconia alizishika amri hizo kama alivyozishika zile kumi. Pengine zaidi, kwa sababu katika zile kumi kuna moja mbili alizipinda jeshini.

Jeshini ndiko balaa lilikoanzia. Mwaka wa 1945 alikuwa amelazwa katika hospitali ya jeshi huko India, ametolewa vitani Burma, malaria imemnyonya akabaki mifupa, na siku ya kwanza aliyoweza kutembea alikwenda kantini akapewa barua. Ilikuwa imesafiri miezi minne. Mama yake amefariki, amezikwa, na matanga yameshaanuliwa. Jeconia aliisoma mara mbili, akaikunja, akajaribu kulia, chozi likakataa. Pembeni palikuwa na mwanajeshi Mmarekani, mtu mweusi kama yeye, anachezea piano bila kumwangalia mtu. Akafika mahali akashusha vidole pamoja na kuviacha hapo hapo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya huzuni, lakini si ile huzuni ya nyimbo za maziko, inayokuja ikaisha. Hii ilikaa. Ndani yake mlikuwa na kitu kinachokwaruza, kama pumzi ya mtu anayejizuia. Jeconia alilia mbele ya watu hadi shati likalowa. Alipomaliza alimwendea yule mtu, akamwuliza kwa Kiingereza chake cha jeshini hiyo ni nini. "Maina naini," yule akajibu, akawasha sigara. Kesho yake kikosi cha Mmarekani yule kilihamishwa.

Basi naini ikamtesa. Maina aliielewa: ni ile njia ya la, do, mi, njia ya nyimbo za Ijumaa Kuu. Lakini tisa? Sauti ni saba, ya tisa itoke wapi? Kwanza alidhani ni sauti tisa zipigwe kwa mpigo. Akaweka vidole tisa kwenye kinanda cha kukanyaga cha kanisa, nacho kikalia kama ng'ombe aliyenaswa kwenye seng'enge. Baadaye akagundua kwamba ukiongeza so juu ya la, do na mi, unakaribia. Sauti nne za waimbaji wanne. Hesabu hiyo ikamridhisha. Alizipiga nne hizo kila Jumapili watu wakishatoka, mwaka baada ya mwaka, akizipindua juu chini. Alikuwa amefika mlangoni, anabisha, na hakuna anayefungua. Mwishowe akatoa hukumu: kosa ni la kinanda. Kinanda cha upepo hakina sauti ile. Imo ndani ya piano peke yake, na piano zimo ndani ya nyumba za Wazungu.

Ndiyo maana Bedan Mburu alipomletea habari, mwezi wa tatu mwaka wa 1956, Jeconia alishindwa kukaa. Bedan walikuwa naye jeshini. Sasa alikuwa mpishi kwenye shamba la kahawa huko Ruiru, ukishapita njia ya Gitothua. Alikuwa amekuja Thika siku ya Jumatatu kununua unga.

"Bwana na memsahibu wameenda Mombasa," akasema kwa sauti ya chini. "Wanarudi Jumamosi. Piano iko hapo sebuleni, na funguo ya nyumba niko nayo mimi. Lakini ukuje mchana, na usikuje na mtu."

Si jambo dogo alilokuwa akilitoa. Ilikuwa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni, na Mkikuyu aliyekutwa amemwingiza mgeni katika nyumba ya Mzungu hakuulizwa maswali mengi. Bedan alikuwa na mke na watoto watatu, na karatasi moja tu iliyomruhusu kuishi karibu nao.

Habari hiyo ilimkuta Jeconia na kidonda. Alhamisi iliyotangulia, ncha ya jani la mkonge ilikuwa imemdunga kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, kwenye kiungo. Jambo dogo. Alikinyonya, akatema, akaendelea na kazi. Kufikia Jumanne kidole kilikuwa kimevimba na kuiva, ngozi imekaza inang'aa, na rangi yake si rangi ya mtu. Kaleli, dresa aliyetibu vidonda shambani, ambaye kwa kawaida mdomo wake haulali, alikifungua akakifunga tena bila mzaha.

"Hii si ya kwangu, Mwalimu," akasema. "Wewe enda hospitali. Leo, si kesho."

Hospitali ya Thika hawakumzungusha. Kidole hakiponi. Arudi kesho asubuhi kikatwe, alazwe wiki moja. Jeconia akaitikia "Ndiyo, daktari" kwa adabu zote, akatoka nje, akasimama kando ya baiskeli yake akipiga hesabu. Akilazwa kesho, atatoka Wazungu wamesharudi. Na atatoka na vidole tisa. Katika maisha yake yote, ni piano ngapi atafunguliwa mfanyakazi wa kiwanda cha mkonge? Ni hii moja. Kidole kilikuwa kinakufa hata hivyo. Kingojee siku tatu, kimfanyie kazi moja ya mwisho. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na mtu akishaanza kujiambia vile, mshauri wa nje hana nafasi.

Nyumbani alimwambia mkewe, Wilkister, kwamba wamempaka dawa na arudi Ijumaa. Hakuwa na mazoea ya kumdanganya. Alidanganya vibaya, macho kwenye sufuria.

Jumatano alipanda baiskeli na mkono uliofungwa, mkono wa kushoto ukifanya kazi ya miwili. Kwenye kizuizi cha barabara kule Juja askari walisoma kipande chake cha utambulisho, wakaona jina la Kijaluo, wakampungia apite. Bedan alimwingiza kwa mlango wa jikoni, akamvua viatu, akamnawisha mkono ule mzima kama mtoto, na akafunga mapazia. Jeconia akaketi. Meno ya piano yalikuwa meupe, hayana pengo hata moja, si kama yale ya kanisani yaliyoliwa na panya. Akaomba kimya. Akaweka vidole: la, do, mi, so.

Ilikuwa ile ile ya kanisani, imeoshwa tu na kupakwa mafuta.

Alizipiga tena. Akazipiga chini, akazipiga juu. Hakuna. Kinanda cha upepo hakikuwa na kosa lolote. Alikuwa amekisingizia maskini kile miaka yote. Jasho likamtoka. Akaanza kujaribu kila kitu: akaondoa so akaweka fa, akaongeza la nyingine juu, akagusa meno meusi. Tena jambo la kusikitisha ni kwamba alikuwa akipita pale pale. Mara mbili kidole chake kiligusa ti ya juu, na mara mbili sikio likamwambia ti inagombana na do, na mkono ukaondoka wenyewe kama unavyoondoka kwenye sufuria ya moto. Hakuwa hata na habari kwamba ameondoa. Viboko vya misheni vilikuwa vimefanya kazi yao vizuri mno.

Alhamisi alikwenda tena. Kufikia Juja alikuwa na homa, barabara inapanda na kushuka mbele yake palipo tambarare, na karibu na Ruiru alianguka kwenye mtaro, akalala humo kidogo akiona ni pazuri. Bedan alipofungua mlango wa jikoni alirudi nyuma.

"Ngai! Mwalimu, mkono yako inanuka."

"Nifungulie."

"Sifungui. Ona hii." Akamshika, akapandisha mkono wa shati. Mstari mwekundu ulikuwa umetoka kwenye kidonda, umepita kiganjani, unapanda kuelekea kwenye kiwiko. "Hii nimeiona kule Burma, hata wewe umeiona. Unajua ile kijana wa Machakos alikufa aje. Na ukifia kwa hii nyumba, mimi nitasema nini? Watasema nilikuua."

"Bedan," Jeconia akasema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu tena. "Tangu Burma nimekuomba kitu gani? Nitajie kimoja."

Bedan akatoa funguo ya sebule. Akafungua, akakaa kwenye kiti cha jikoni, uso mikononi. Sebuleni Jeconia alipiga mpaka jua likaegemea upande wa pili, na alipokuwa akipiga machozi yalimwagika yenyewe, si ya muziki bali ya hofu. Aliogopa kufa. Aliogopa zaidi kufa bila kuipata. Alijua kabisa kwamba huo ni wazimu, aliweza kuuona kama mtu anavyoona nyumba yake ikiungua kutoka ng'ambo ya mto, na hakuweza kuvuka.

Jioni ile Kaleli, aliyedhani kidole kimeshakatwa, alipita Makongeni kumjulia Mwalimu hali. Akamkuta Wilkister anapepeta mchele.

"Kukatwa?" Wilkister akauliza.

Jeconia alipofika na baiskeli yake, ungo ulikuwa chini na mchele umemwagika. Wilkister alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba Apiyo, umekuwa wapi?"

Akamwambia. Yote, na India, na barua, na yule Mmarekani. Walikuwa wameoana miaka tisa na hakuwahi kumsimulia habari ya ile barua.

"Kwa hivyo mkono unaoza," mkewe akasema, "na watoto wanne wanalala hapo, na wewe unatafuta sauti."

"Kesho ni ya mwisho. Jumamosi wanarudi. Kesho, halafu nakwenda hospitali, naapa."

"Utakwenda sasa hivi."

"Kesho."

Asubuhi Jeconia aliondoka kimya kimya. Wilkister alikuwa amekwenda bombani tu kuteka maji, amerudi, kitanda kitupu. Akawaacha watoto kwa jirani, akajifunga leso, akapanda gari moshi hadi Ruiru, na kutoka stesheni akatembea kwa miguu akiuliza njia. Alipofika nyuma ya ile nyumba alisikia kabla ya kubisha: sauti nne, kimya, sauti nne, kimya. Bedan alimfungulia bila kuuliza jina. Alikuwa na uso wa mtu aliyeomba usiku kucha aje mtu yeyote.

Jeconia alikuwa ameinama juu ya piano, paji la uso limegusa mbao. Kitambaa cha kidonda kilikuwa sakafuni. Chumba chenye maua na picha za farasi kilinuka kama machinjio.

"Simama twende," Wilkister akasema.

"Haipo," akajibu bila kuinua kichwa. "Mama Apiyo, nimezunguka kila mahali. Haipo. Labda niliisikia kwa homa."

"Simama."

"Siwezi kwenda bila hiyo. Siwezi."

Alikuwa akilia kama mtoto, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, mwalimu wa kwaya. Wilkister alisimama pale mlangoni na miguu yake yenye vumbi, hataki kukanyaga zulia la watu. Alionekana kama mtu anayeamua kama atatupa kitu au atakitunza.

"Piga hiyo yako," akasema.

"Ya nini?"

"Nimesema piga!"

Akapiga. Mkono wa kushoto la, mkono wa kulia do, mi, so. Na kabla hazijazimika, Wilkister akafungua kinywa, akaimba sauti moja ya juu, nyembamba, akaishikilia. Ti.

Ilikwaruza. Iliegemea do na kusukumana nayo, na badala ya kugombana zote mbili zikakataa kuondoka, na so na mi zikajaza katikati, na la chini ikabeba mzigo wote. Ilikaa. Jeconia aliona kantini, na karatasi ya barua, na mkono wa mama yake unaotoa mwiba mguuni. Bedan alikuja akasimama kwenye mlango wa jikoni, taulo begani.

"Umeitoa wapi?" Jeconia akanong'ona.

"Mwaka ule tulioana," Wilkister akasema. "Mazoezi ya Alhamisi, kanisani. Ulikuwa unapiga hizo nne zako kwa kinanda, na mimi nilikuwa alto, nikasikia pako wazi hapo juu, nikaimba. Ukapiga benchi na fimbo. Ukasema, alto amepotea. Mbele ya watu wote. Wakacheka. Ukanitoa kwa alto, ukaniweka nyuma na watoto, mwezi mzima."

Jeconia alitafuta siku hiyo kichwani mwake na hakuiona. Hapo ndipo palipomuuma kuliko kidole. Kwake lilikuwa jambo dogo, kosa moja katika makosa mengi ya Alhamisi nyingi, limesahihishwa na kwisha.

"Kwa nini hukuniambia tena?"

Wilkister akajifunga leso upya.

Kisha Jeconia akaanza kuhesabu, kidole cha mkono mzima kikipanda kwenye meno meupe, taratibu, kama anavyofundisha watoto. La, moja. Ti, mbili. Do, tatu. Re, nne. Mi, tano. Fa, sita. So, saba. La nyingine, nane. Akasita. Ti ya juu. Tisa. Ile ya tisa ilikuwepo siku zote; ilikuwa tu na jina la sauti nyingine, naye aliyeamini kwamba ukifika saba umemaliza hakuwahi kuvuka kwenda kuitazama.

"Wacha mimi nifinye hiyo ya juu," Bedan akasema, akinyoosha mkono. "Na kidole yangu. Halafu muende."

"Hapana. Kinachokufa ni hiki. Kipige chenyewe."

Jeconia akatandaza vidole. Kile cha mwisho hakikukunjika; kilibidi kusukumwa na mkono wote, kama kijiti. Alipokishusha juu ya ti, maumivu yalipanda hadi begani, na usaha ukatoka ukachafua lile jino jeupe. Lakini sauti tano zilisikika pamoja, safi, mara moja. Aliziacha mpaka zikaisha zenyewe. Kisha akaanguka kutoka kwenye kiti.

Bedan alikimbia hadi barabarani akasimamisha lori la kahawa. Kabla halijaondoka alikuwa amerudi ndani na beseni, anapiga magoti, anasugua piano.

Thika walimkata siku hiyo hiyo, na hawakukata kidole. Walikata chini kidogo ya kiwiko, na daktari alisema kwamba hata hapo wamebahatisha. Jeconia alipopata fahamu Jumapili, alisikia kengele za kanisa na akatafuta mkono wake kwa macho, akaona bandeji inapokomea. Aligeuza uso ukutani. Alikuwa akiisikia bado, ile sauti, nzima kichwani, na alijua atakuwa akiisikia maisha yake yote, na hakuona raha yoyote ndani yake. Kazi ya mashine inataka mikono miwili. Msimamizi alikuwa ameshamweka mtu mwingine.

Wilkister alikuwa ameketi kando ya kitanda na kikombe cha uji kilichopoa. Hakuwa amekwenda nyumbani tangu Ijumaa.

Daktari Mzungu alipita na karatasi yake, pamoja na msaidizi wa kutafsiri. Alikuwa kijana, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na alikuwa amekasirika kwelikweli, si kwa ubaya, bali kwa sababu alikuwa amekata mkono ambao haukuhitaji kukatwa.

"Daktari anauliza," msaidizi akasema, "Jumanne aliambiwa arudi Jumatano. Ilikuwa ni kidole tu. Hizo siku tatu alikuwa anafanya nini?"

Jeconia akaitazama bandeji. Kalamu ya daktari ilikuwa inangoja.

Wilkister akaweka kikombe chini.

"Mwambie alikuwa anatafuta kitu," akasema. "Na mimi nilikuwa nacho. Miaka tisa nilikuwa nacho, nikamwangalia akitafuta, nikanyamaza."

Msaidizi alimtazama, akamtazama Jeconia, na hakutafsiri.